Mashine ya Kijani Iliyokwenda Handeni

Nina wivu. Naliandika hilo mwanzoni kabisa, nisije nikasifiwa upole nisio nao. Mume wangu alipooa mke wa pili kule Handeni nilinuna, nikalia, mama yangu akaja kutoka Mnyuzi kunituliza, yakapoa. Lakini alipoibeba mashine ya kunolea ya kijani akaipeleka kwa yule mwanamke, hapo nilipandwa na mori, na kushuka haujashuka vizuri hadi leo.

Sisi wawili tuna kibanda hapa Korogwe, si mbali na stendi. Tunafufua mashine za zamani za kunolea, zile za kufungwa juu ya meza, zenye mota katikati na jiwe kila upande. Nyingi zilizaliwa kwenye karakana za mashamba ya mkonge, zikaja kuishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Watu hutuuliza kwa nini tusiuze mpya za dukani. Mpya nyepesi hizo, ukizigusa na panga zinaanza kuhema. Ya zamani ni chuma kitupu, ikishapona inafanya kazi na haisemi kitu.

Kazi tumegawana. Yeye ni wa mota, anafunga waya mpya palipoungua. Mimi ni wa kutu, beringi na mawe. Beringi naziosha kwa mafuta ya taa, natia grisi, iliyokufa naitupa natafuta nyingine. Jiwe nalining'iniza kidoleni nalipiga kwa mpini wa bisibisi. Zima linalia, lenye ufa halina sauti, nalo siliweki, maana likipasuka likiwa linazunguka litaua mtu. Mashine ikishawaka, naegemeza mwiko wa ugali kwenye mwili wake, ncha nyingine naitia sikioni, nasikiliza beringi zinasemaje. Wateja hucheka.

"Mama, unapika au unatengeneza?"

"Vyote. Kaa ule."

Sasa kipimo chetu cha mwisho. Mashine iliyofungwa vizuri, ukiizima, mawe yanaendelea kuzunguka yenyewe muda mrefu, na kadiri yanavyozunguka ndivyo unavyojua beringi zimekaa. Mwingine angetumia saa. Mume wangu alitumia salamu, na salamu za huku kwetu mnazijua, hazina haraka. Anazima swichi, ananigeukia mimi.

"Habari za kuamka?"

"Nzuri."

"Za watoto?"

"Wazima."

"Za jikoni? Za mgongo? Za kuku?"

Hivyo hivyo hadi jiwe lisimame. Mashine mbovu inafia kwenye watoto, tunaifungua upya. Ya kuuza lazima ifike kwenye kuku. Na mwisho wa zote kuna salamu moja aliitunga mwenyewe, tukiwa bado hatuna hata mtoto mmoja: "Na yule anayekupenda hajambo?" Nami najibu, "Hajambo, yupo hapa ananipotezea muda." Mashine zilizofika hapo ni za kuhesabu kwa vidole. Ilipofika, tulicheka siku nzima, na jioni nilipika wali.

Ile ya kijani tuliitoa Mnyuzi, kwenye rundo la vyuma. Shafti ilikuwa imeganda kwa kutu, mume wangu akasema hiyo maiti, twende zetu. Nikang'ang'ania. Niliiloweka mafuta, nikaigonga kidogo kidogo kwa nyundo ya mbao, nikaisugua msasa hadi vidole vikachubuka, nikaipaka rangi ya kijani ya milango kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Siku tuliyoizima mara ya kwanza alimaliza kuku, akamaliza na yule anayenipenda, jiwe bado linakwenda. Tukakubaliana hii haiuzwi, ni ya kibandani.

Kisha akaja kusema wakulima wa Misima, huko Handeni kwa bi mdogo, wanateseka na majembe butu, ataipeleka kidogo tu, naye apate cha kufanya barazani. Kidogo tu! Mahindi yakapandwa, yakavunwa. Kila nikiuliza, jibu ni wiki ijayo. Fundi cherehani wa kibanda cha jirani, mwanamke mwenye mdomo, akawa haniachi.

"Bi mkubwa, mashine bado iko fungate?"

Nilimwambia ashone nguo za watu. Lakini nilikuwa nalala naiwazia. Mume tumegawana kwa zamu, sheria imesema, sawa. Mashine hakuna aliyesema igawanywe. Niliifufua kwa mikono yangu, na sasa mwingine anapangusa vumbi lake. Wallahi nilitamani iungue.

Asubuhi moja nikatia spana na gunia kwenye kikapu, nikapanda basi la Handeni. Sikupiga simu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, tena makali.

Nilipokaribia ua wa makuti wa nyumba yao niliisikia kabla sijaiona. Inanoa kitu, sauti yake ile ile, nzito, haina mkwaruzo. Kisha swichi ikazimwa. Nikataka kubisha hodi, nikasikia sauti ya mume wangu.

"Habari za kuamka?"

Sauti ya kike ikajibu, "Nzuri."

"Za jikoni? Za mgongo? Za kuku?"

Nikajiambia ataishia hapo. Ana haya, ataishia hapo.

"Na yule anayekupenda hajambo?"

Yule mwanamke akacheka. Sikusikia alichojibu. Nilichosikia ni jiwe. Lilikuwa bado linazunguka, laini kabisa, kwa beringi nilizoziosha mimi na grisi niliyoitia mimi kwa kidole. Na kwa kuwa lilikuwa bado linakwenda, mume wangu akaanza upya.

"Habari za kuamka?"

"Hodi!" nikapiga kelele.

Nikaingia. Alisimama na panga mkononi, mdomo wazi. "Mke wangu, si ungepiga simu?"

"Nimpigie nani, wewe au mashine? Nimefuata mali yangu."

Akachomoa waya. Lakini huwezi kubeba mashine ambayo mawe yake yanazunguka, kwa hiyo tukasimama watatu tukiyangoja. Ningekuwa nimeharibu kazi hata kidogo, yangeshasimama. Bi mdogo akainamisha kichwa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," nikamjibu, ningefanyaje.

Ni mzuri, tena ana adabu, mikono yake imejaa vumbi la jiwe kama yangu. Nilimtafuta kasoro nikaikosa, hilo likanichoma kuliko yote. Mwenyewe ndiye aliyeshikilia gunia mume wangu akiitumbukiza mashine, na mwenyewe akanipa maji ya kunywa. Nikayanywa.

Jioni ile ile mashine ilikuwa juu ya meza yake hapa Korogwe, mume wangu nimemwacha Handeni amalize zamu. Nikakaza bolti zote. Nikaweka mwiko sikioni, beringi salama. Nikaiwasha ikapanda hadi mwendo wake, nikaizima. Nikakaa kwenye stuli nikiitazama. Nilifumbua mdomo niseme habari za kuamka, nikaona upuuzi, nikaufumba. Jiwe likawa linazunguka tu.

Fundi cherehani akaita kutoka kibandani kwake, "Wee bi mkubwa, unamaliza umeme! Mbona huizimi hiyo mashine?"

Nikamwambia nimeshaizima.