Mwanangu Nyuma ya Magodoro

Sitaki mtu aniguse tabuleti yangu. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo jambo lenyewe, na mwenye haraka anaweza kuishia hapo aende akapike.

Shule niliacha darasa la nne, lakini kusoma nasoma, na miwani ninayo. Kifungua mimba wangu ni fundi wa injini kwenye meli za mizigo. Huko katikati ya bahari simu haishiki, kwa hiyo ananiandikia barua pepe kwa mashine ya meli, nami ninazisoma hapa Kaloleni, kwenye tabuleti aliyoninunulia yeye mwenyewe. Haandiki mara kwa mara. Anaandika kama baba yake marehemu alivyokuwa akiongea: neno likitoka, lina kazi.

Kikasha cha barua zangu kilikuwa kimekaa nilivyotaka mimi. Kila kitu kwenye mstari mmoja, kipya juu, cha zamani chini, herufi kubwa kama za bango la harambee. Matangazo yalikuwemo, sikatai. Kuna duka la magodoro liliniandikia kila wiki kana kwamba nimefungua bweni. Kulikuwa na watu wa mikopo, watu wa kubeti, na mhubiri mmoja ambaye sijui alinipata wapi. Nilikuwa ninawaruka. Nimekaanga samaki na kuwauza sokoni Otonglo, kando ya barabara ya Busia, tangu watoto wangu wakiwa mgongoni. Kuwapita kwa macho wanaoshika-shika bila kununua, mpaka nimwone anayenunua, ni kazi niliyoijua kabla huyo mke wa mwanangu hajazaliwa.

Sasa huyo mke. Ni mke wa kitinda mimba wangu. Kwetu mwanamke aliyeolewa huitwa kwa kwao, na yeye ametoka Port Victoria, basi mimi humwita Nyar Port, yaani binti wa Port. Anafanya kazi ofisini hapa mjini, ana kucha ndefu, na hawezi kuona kitu cha mtu kimetulia asikisogeze. Akiingia jikoni kwangu anahamisha chumvi. Ukimuuliza kwa nini, anasema hapa ndipo inafaa. Inamfaa nani? Mimi ndiye ninayepika.

Jumapili moja walikuja na mume wake kula baada ya kanisa. Niko jikoni nageuza samaki, narudi sebuleni, namkuta ameweka tabuleti yangu mapajani na zile kucha zinagonga kioo kama kuku anayedonoa.

"Mama, hii imeli yako ni kama Kibuye siku ya soko," akasema. "Watu, mbuzi na mitumba pamoja."

"Ni Kibuye yangu."

"Nimekupangia. Hebu ona. Hapa ni Muhimu. Hapa pembeni ni Nyingine. Takataka zote zinaenda pembeni, hutasumbuka nazo tena. Yenyewe inajua nani wa muhimu kwako."

"Inajulia wapi? Imekuja kukaa na mimi lini?"

"Inaangalia unayemfungua sana, Mama. Inajifunza."

Herufi pia alikuwa amezipunguza, ati mambo mengi yaonekane kwa pamoja. Zilikuwa kama sisimizi. Nikamwambia arudishe herufi zangu, akarudisha huku akipumua kwa pua. Kitinda mimba wangu, ambaye njaa humfanya apatanishe kila mtu, akasema, "Mama, acha tu, hayo ni maendeleo." Samaki walikuwa wanapoa. Nikaacha.

Sasa sikia yale maendeleo yalijifunza nini. Nyar Port ana tabia ya kuniandikia kila siku akiwa ofisini. Mama umekula? Mama umemeza dawa? Mama mchana mwema, na picha ya ua. Mimi nazifungua, kwa sababu barua isiyofunguliwa hukaa nyeusi na inaniwasha macho. Basi mashine ikaona mama huyu anamfungua Nyar Port kila siku, ikamketisha mbele. Kila asubuhi nikifungua Muhimu, anayenikaribisha kwenye kikasha changu mwenyewe ni yeye. Nilifikiri ni kwa sababu anaandika sana. Sikujua kwamba kuna mtu ameinuliwa kitini ili yeye akae.

Mvua za masika zikakaribia. Shamba letu liko Seme, na kwetu watu hawapandi ovyo kama kuku aliyefunguliwa. Kuna golo kodhi, kutoa mbegu. Tangu mume wangu alale, mimi mwenye boma natangulia na jembe, kisha nyumba ya kifungua mimba, kisha ya wa pili, kisha ya kitinda mimba. Mdogo akimruka mkubwa anaita chira nyumbani, na chira ni ugonjwa unaomkausha mtu akiwa anakula vizuri. Kifungua mimba akiwa majini, na mke wake akiwa Mombasa, kila mwaka hutuma neno: mwaka huu fulani atanishikia jembe. Neno hilo haliombwi wala halipitii kwa mkewe; likifika, shamba lake linafunguliwa, na wadogo wake wanafuata. Lisipofika, wote wanangoja.

Mvua ikanyesha. Nikafungua Muhimu asubuhi, nikafungua jioni. Nyar Port: umekula? Nyar Port: ua. Mwanangu, hakuna.

Mke wa mwanangu wa pili, ambaye anakaa kule Seme, akaanza kupiga simu. "Mama, udongo umeiva. Majirani wamemaliza kupanda, sisi tunaota majani." Nikamwambia angoje. Akangoja, kwa sababu ana adabu. Nyar Port hakungoja. Alikuja kwangu na mume wake, mbegu tayari ziko kwenye buti la gari.

"Mama, mkubwa amenyamaza. Akinyamaza si amekubali?"

"Kwenu amekubali. Kwetu amenyamaza."

"Mvua haijui mila, Mama."

"Na wewe huijui mvua. Unaijua ya dirishani."

Mume wake alikuwa anatazama ugali kana kwamba umeandikwa kitu.

Hasira ikanipanda, na haikumpata aliyestahili. Nikasema, mlango uko wazi na majirani wanasikia, kwamba huyu mtoto bahari imemla akili. Kwamba amesahau ardhi ambamo kondo lake la nyuma lilizikwa. Nyar Port akaitikia, "Kweli kabisa, Mama." Maneno hayo matatu ninayo mpaka leo. Nimeyaweka mahali pazuri.

Siku chache baadaye simu ikalia. Ni yeye, kifungua mimba, meli imetia nanga.

"Mama, mahindi yamefika wapi? Yamefika magotini?"

"Mahindi ya nani?"

"Yetu."

"Hakuna mahindi. Tunakungoja wewe uliyenyamaza kama jiwe."

Akasema polepole, "Mama, niliandika. Nilisema mke wangu hawezi kusafiri mwaka huu, unishikie jembe wewe, uwafungulie wadogo zangu njia. Halafu nikaandika tena kukuuliza mbona hunijibu. Nilidhani unaumwa."

Nilikata simu bila kuaga. Nikagusa pale pembeni, Nyingine, mahali nilipoambiwa ni pa takataka. Nikasukuma, nikasukuma. Alikuwa hapo. Juu yake godoro la bei ya kutupa, chini yake mkopo wa chap chap, na katikati mtoto aliyenifanya niitwe mama, jina lake jeusi, halijafunguliwa. Chini kidogo yuko tena, kati ya yule mhubiri na godoro lingine.

Nikampigia Nyar Port. "Njoo." Akaanza kusema yuko kazini. "Sikukuuliza uko wapi."

Alikuja, viatu vinalia ko ko ko kwenye saruji. Sikumpa chai. Nikaweka tabuleti mezani mbele yake.

"Mtafute shemeji yako."

Akatafuta. Alipompata, mkono ulisimama.

"Mama, si mimi niliyemweka huku. Ni hii yenyewe inachagua."

"Nani aliipa kazi ya kuchagua?"

Kucha zikaanza kukwaruza ukingo wa meza.

"Nimekuuliza, Nyar Port."

"Nilitaka kukusaidia. Zilikuwa nyingi."

"Niliwahi kukwambia zimenishinda?"

"Hapana, Mama."

"Sasa nenda kwenye hiyo Muhimu yako. Nisomee walioketi."

Akaanza kusoma. Akasoma jina lake. Akasoma tena jina lake. Akaacha.

"Mama, mimi sikujiweka."

"Hukujiweka. Lakini ulipoketi hukusikia kiti kina mwenyewe?"

Machozi yakamjia. Nikayaacha yatoke, hayakuwa yangu. Nikamwambia arudishe kila kitu kilivyokuwa, mbele ya macho yangu, kidole kimoja na bila haraka. Akaingia kwenye mipangilio, akaondoa Muhimu, akaondoa Nyingine, magodoro yakarudi mlangoni pamoja na watu wote. Nikamwambia airudishe tena ile Muhimu, kisha nikaiondoa mwenyewe, ili siku nyingine nisimwite mtu. Halafu nikamwambia nataka watoto wangu wakae kwa kuzaliwa kwao.

"Mama, hii haijui nani alizaliwa kwanza."

"Ifundishe. Si ulisema inajifunza?"

Ikabidi afikiri, na ilikuwa vizuri kumwona akifikiri. Akamtengenezea kila mtoto kabati lake la barua, akayapa makabati namba ili yajipange. Namba moja akaipa kengele yake, barua ikiingia nisikie hata nikiwa uani. Akamaliza, akajipangusa uso.

"Na mimi, Mama? Nikuwekee langu?"

"Wewe uliolewa hapa. Ingia kwa mume wako."

Kesho yake tulienda Seme. Nilipiga jembe langu, kisha nikashika jembe la kifungua mimba nikamfungulia shamba lake. Mke wa wa pili akafuata. Nyar Port alisimama ukingoni na gambuti mpya, ndoo ya mbegu mkononi, hakuingiza hata ncha ya mguu mpaka nilipomwitikia kwa kichwa. Mvua yenyewe ilikuwa imeshachoka kutungoja. Iliondoka mahindi yakiwa kiunoni. Mimi nilivuna kidogo, wa pili akavuna kidogo, na Nyar Port, aliyekuwa wa mwisho, aliniletea vigunzi vya urefu wa kidole kwenye sinia akisema, "Pole, Mama." Nilipokea sinia. Pole sikuipokea. Kwa majirani nilizunguka mwenyewe, nyumba kwa nyumba, kusema kwamba mwanangu aliandika.

Nyar Port bado ananiandikia. Umekula, umemeza dawa, ua. Barua zake zinaingia kwenye kabati la mwisho, nami ninalifungua nikishamaliza mengine yote, pamoja na ya magodoro.

Juzi mawingu yalianza kukaa juu ya ziwa, akaniandikia: Mama, mvua iko karibu, umeshapata neno la mkubwa? Hiyo ndiyo barua yake ya kwanza niliyoijibu tangu siku ile. Nilichapa herufi moja moja mpaka nikamaliza.

Nimepata. Ngoja zamu yako.