Bi Mabano na Mgonjwa Namba Tisa

Pale hospitali ya macho walimwita Bi Mabano, na jina hilo hakulitafuta, lilimfuata. Tangu ajifunze kuandika amri za kompyuta, alikuwa haoni kitu kilichoachwa wazi asikifunge: mlango, droo, chupa ya wino, hata mwavuli wa mtu mwingine. Kompyuta ndiyo iliyomtia adabu hiyo. Ukifungua mabano usiyafunge, mashine inagoma, inakwambia kosa liko mstari wa arobaini na moja, nawe unaukodolea macho mstari wa arobaini na moja mpaka kichwa kinauma, kumbe kosa liko mstari wa arobaini. Kwa hiyo hata mumewe akirudi nyumbani amenuna, Bi Mabano hakumuuliza kuna nini. Alimuuliza kabla ya hapo kulikuwa na nini.

Kwa asili alikuwa karani wa masjala, mtu wa mafaili na vumbi. Kompyuta alikabidhiwa kwa sababu siku kitabu cha mafunzo kilipofika, makarani wenzake wawili walikuwa likizo na wa tatu alijificha chooni. Alikisoma chote, akalia mara mbili, akaanza kuandika.

Kitu kingine kilichomtambulisha ni gauni lake la Jumatatu. Mkono wa kushoto ulifika kwenye kifundo, wa kulia uliishia juu ya kiwiko, na kola ilikuwa imegeukia upande kana kwamba imeitwa. Lilishonwa na mama mkwe wake, fundi cherehani wa miaka mingi, mwaka ule macho yake yalipoanza kufifia. Wauguzi walidhani ni mtindo mpya, na mmoja akamwomba fundi wake amkopie. Bi Mabano alilivaa kila Jumatatu, wiki haikupita. Mama mkwe akiuliza, "Limekukaa, mwanangu?" yeye hujibu, "Limenikaa, mama." Ni uongo, lakini uongo wenye heshima zake, na nyumba nyingi zimesimama juu ya uongo wa namna hiyo.

Sasa, mama mkwe alikuwa na mtoto wa jicho. La kushoto lilikuwa limeshafunga kabisa, la kulia lilikuwa njiani. Hospitali ilipotangaza kwamba daktari wa upasuaji atakuja na kwamba watu waje kujiandikisha, aliamka alfajiri, akaenda mwenyewe kwa kupapasa kuta, akawa wa tisa. Bi Mabano alipotaka kumsemea kwa wakubwa, mama mkwe alikuja juu.

"Usithubutu! Nimepanga foleni kwa miguu yangu. Sitaki watu waseme nimepitia dirishani."

Bi Mabano akatii. Akarudi ofisini kuandika skripti, yaani karatasi ya maagizo ambayo kompyuta ingeifuata kila asubuhi ya upasuaji, Jumatatu na Alhamisi: chukua namba za wagonjwa, zipange kuanzia ndogo, toa watano wa kwanza. Mistari ishirini na sita tu. Akaijaribu kwa wale tisa waliokwisha kujiandikisha. Ikazipanga moja, mbili, tatu, hadi tisa, safi kama meno ya mtoto. Daktari mkuu alipiga makofi, akaagiza pasiwe na mtu wa kuigusa tena skripti ile, kwa sababu kitu kizuri hakichokonolewi.

Daktari wa upasuaji alichelewa miezi miwili. Alipofika, wagonjwa walikuwa mia na nne. Asubuhi ya kwanza ukumbi ulijaa, kompyuta ikawashwa, na muuguzi wa mapokezi akasoma namba za heri kwa sauti kubwa.

"Namba moja! Namba kumi! Namba mia! Mia na moja! Mia na mbili!"

Namba mbili, mzee mmoja aliyekuwa ameshavua viatu tayari kwa kuingia, akainua mkono. "Binti yangu, na sisi je?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu muuguzi yule alikuwa mtu asiyependa kusema "sijui." Angeweza kusema ngoja nikaulize. Badala yake alivuta pumzi, akasema, "Kompyuta inaangalia ubaya wa ugonjwa. Inayemwona hali yake mbaya, inamtanguliza."

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama namba mia. Alikuwa fundi bomba, amekuja kutafuta miwani ya kusomea, tena alikosea mstari wa kujiandikisha. Alishika ukuta. "Mbaya kiasi gani?" aliuliza. Alipewa ruhusa ya kwenda nyumbani kwanza kuwaaga watoto, akaaga kweli, akagawa na spana zake kabla ya kurudi. Daktari wa upasuaji alimpima, akakuta macho mazima, akamrudisha. Watu wakasema kompyuta imemponya.

Kuanzia siku hiyo hospitali ilipata imani mpya. Daktari mkuu alibandika tangazo ukumbini: KOMPYUTA INAKUJUA. Waliokuja jana wakapewa namba mia na kumi, mia na kumi na moja, wakapasuliwa keshokutwa yake, wakiwa wamejaa hofu. Waliokuja siku ya kwanza, namba mbili, tatu, nne, wakaambiwa warudi nyumbani wakamshukuru Mungu, maana kompyuta haioni tatizo kwao. Namba tano alikuja akiongozwa na mjukuu wake, akajigonga kwenye nguzo iliyobandikwa lile tangazo, akapongezwa.

Na namba tisa? Namba tisa aliambiwa kwamba katika watu wote wa mwanzo, yeye ndiye mwenye macho mazima kupita wote.

Mama mkwe alirudi nyumbani akiwa amenyooka mgongo. Angefanya nini? Kompyuta ile ilikuwa ya mkwewe. Kusema haoni ilikuwa sawa na kusema mkwe wake ni mwongo, tena mbele za watu. Basi akaanza kuona kwa nguvu. Alisifia pazia ambalo lilikuwa limefuliwa, halipo dirishani. Alilisalimia koti la mwanawe lililotundikwa mlangoni, "Leo umewahi, baba," akakasirika lilipokosa kuitikia. Aliletewa barua akaisoma juu chini, akatikisa kichwa, akasema dunia imeharibika. Mwanawe alicheka mpaka machozi. Bi Mabano hakucheka. Alikuwa akijua kilichomo katika ile mistari ishirini na sita, na ndani yake hamkuwa na jicho hata moja.

Alitafuta kosa wiki tatu. Alipitia mstari mmoja mmoja kwa rula, kama mtu anayechambua mchele. Mabano yote yamefungwa. Nukta zote zipo. Na mashine, ambayo kwa kawaida hupiga kelele kwa kosa la bano moja, safari hii haikulalamika hata kidogo. Kwa mtu wa kazi hiyo hakuna kinachotisha kama kosa lililonyamaza. Ilifika mahali Bi Mabano mwenyewe akaanza kuitazama kompyuta kwa woga, akajiuliza, je, kama inajua kweli?

Kisha asubuhi moja mama mkwe aliamua kumwandalia mkwewe chai, kuonyesha kwamba anaona. Alishika birika la maji yanayochemka, akalenga kikombe, akamimina kwa madaha yote ya mtu mwenye macho mazima. Kikombe kilikuwa shubiri moja kulia. Maji yalipita mezani, yakamwagika karibu na goti lake mwenyewe, yakamkosa kwa upana wa kidole.

"Nimemwaga makusudi," alisema haraka. "Meza ilikuwa chafu."

Bi Mabano alifuta maji. Aliona aibu na aliogopa, vyote pamoja, na hakujua kipi kilizidi. Alifika kazini, akakaa mbele ya orodha ya ile siku ya kwanza, akaiangalia upya: moja, kumi, mia. Macho yakamwangukia kamusi kuukuu pale mezani, aliyoitumia kuegemezea skrini. Akaifungua. *Ba. Baa. Baba.* Kisha kurasa nyingi mbele, *cha.* Kamusi haijali neno ni refu au fupi. Inatazama herufi ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu.

Mashine ilikuwa inazipanga namba kama maneno! Wagonjwa walijaza namba zao kwenye fomu, na chochote kilichoandikwa kwenye fomu, kwa mashine ile, ni neno mpaka uiambie vingine. Moja, kumi na mia vyote vinaanza na tarakimu ileile, 1, basi vikae pamoja mbele. Tisa inaanza na tisa, ikakae kule nyuma ya themanini na tisa. Alipowajaribia watu tisa tu hakungeweza kuona kitu, kwa sababu kila mmoja alikuwa na tarakimu moja. Na kila mgonjwa mpya wa mia na kitu aliyeingia mlangoni alikuwa anapita mbele ya mama mkwe wake.

Alikwenda kwa daktari mkuu mbio, akamweleza yote. Daktari mkuu alisikiliza, uso ukabadilika rangi.

"Unataka kuniambia wiki tatu hizi tumekuwa tukipasua watu kwa kufuata kamusi?"

"Ndiyo, daktari. Nirekebishe mstari mmoja tu."

"Hakuna kugusa! Nimeshawaambia wageni kwamba ina akili. Nimeshatundika tangazo. Ukiigusa leo, kesho namba mia atakuja kudai spana zake."

Kubishana na mkubwa kulikuwa hakuna faida, lakini lile birika lilikuwa bado liko mbele ya macho ya Bi Mabano. Akafikiri kama anavyofikiri akikwama: kama huwezi kugusa mstari wa arobaini na moja, gusa uliotangulia.

"Sawa, daktari. Skripti siigusi. Lakini naomba niongeze sifuri mbele za namba za wagonjwa. Tisa iwe sifuri sifuri tisa."

"Sifuri mbele ya namba ina thamani gani?"

"Haina thamani yoyote, daktari."

"Haibadilishi kitu?"

"Tisa inabaki tisa."

Daktari mkuu alimtazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu aliyechoka na kazi. "Basi ongeza. Mradi usiguse kitu."

Alhamisi hiyo muuguzi wa mapokezi alisoma, "Sifuri sifuri mbili! Sifuri sifuri tatu! Nne! Tano! Sita!" Ukumbi ukaguna, naye hakukwama hata nukta moja. "Kompyuta imegundua kwamba hali zenu zimekuwa mbaya ghafla," alisema. Jumatatu iliyofuata ikawa zamu ya saba, nane na tisa. Mama mkwe aliposikia namba yake alisimama, akapiga kofi paja. "Nilijua! Nilijua mimi ni mgonjwa!" Alilia kwa furaha, akaingia chumba cha upasuaji akiwa mgonjwa halali.

Walilifanya jicho la kulia. Jumanne asubuhi Bi Mabano alikuwa kando ya kitanda, amevaa tena lile gauni la Jumatatu kwa ajili yake. Bandeji ikatolewa. Mama mkwe alipepesa jicho, akatazama dari, akamtazama muuguzi, akalitazama dirisha na pazia lake, ambalo safari hii lilikuwepo. Kisha akamtazama mkwewe kuanzia juu hadi chini, taratibu, kifundi. Uso ukakunjamana.

"Mwanangu, nani huyu adui aliyekushonea gauni hili?"

Bi Mabano alitafuta uongo wenye heshima, akaukosa. "Ni wewe, mama."

Bibi yule aliushika mkono mfupi, akaushika na mrefu, akailinganisha. Akaigusa kola. "Na ulilivaa?"

"Kila Jumatatu."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu, mama."

Mama mkwe akanyoosha kiganja kwa muuguzi bila kumtazama, jicho lake moja jipya likiwa limeng'ang'ania pindo la gauni.

"Nipe mkasi," alisema. "Na wewe simama wima, usinichezee. Siku hizi naona."