Kinyozi Asiyefagia Mchana

Baba yangu alikuwa kinyozi kwa miaka thelathini na minne, na miaka yote hiyo hakuwahi kufagia kabla ya saa ya kufunga. Alikuwa na hoja yake: nywele zikijaa sakafuni, mpita njia akichungulia anajua hapa pana kazi. "Sakafu safi ni ya kinyozi mwenye njaa," alikuwa akisema, na wateja wanacheka. Mimi sikucheka. Mimi ni binti yake wa kwanza, nilikuwa nasuka kina mama upande wa pili wa pazia, na nilishaona watu wawili wakiteleza pale. Nywele kavu juu ya vigae hazina tofauti na sabuni.

Miaka miwili kabla ya balaa lenyewe, alijikwaa kizingitini nyumbani. Alianguka kidogo tu, lakini mfupa wa karibu na kiganja cha kushoto ukavunjika. Daktari hakupenda. Alisema mtu hatakiwi kuvunjika kwa kuanguka kwa namna ile. Arudi apimwe mifupa, aache sigara, apate jua, ale dagaa na maziwa, atembee. Na kazini aondoe chochote kinachotelezesha. Baba akaitikia yote, ndiyo daktari, ndiyo daktari. Siku plasta ilipotolewa, aliwasha sigara pale pale getini. Sikio la kufa, jamani.

Nilimsema mpaka nikachoka. Na hapa ndipo ninapojichukia, kwa sababu siku ile ya balaa ufagio nilikuwa nao mkononi. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, duka limejaa. Nilitoka nyuma ya pazia nifagie, akanitolea macho mbele za watu.

"Mama, wacha hiyo. Unanifukuzia riziki."

Nikakasirika. Nikautupa ufagio pembeni, nikasema haya, shauri yako, nikarudi kusuka.

Hata mstari mmoja sikuumaliza, nikasikia kishindo. Alikuwa amegeuka kuchukua taulo, mguu ukaenda zake, akatanguliza mkono wa kulia, na uzito wote ukapita humo. Nilimkuta amekaa chini ameshika bega, anamwomba mteja radhi.

Picha zilionyesha mkono umevunjika sehemu tatu: karibu na kiganja, chini ya kiwiko, na juu begani. Daktari alikuwa yule yule. Hakutugombeza, na laiti angetugombeza. Alisema tu kwamba mfupa imara huenda ungevunjika mahali pamoja, au usivunjike kabisa. Huu wa baba ulikuwa na vitundu ndani kama mkate. Akamtia vyuma na skrubu.

Mifupa iliunga. Mshipa wa fahamu ulioumia mkononi ndio uliokataa kupona sawasawa. Mazoezi alifanya, masikini, kila asubuhi anapandisha vidole ukutani kidogo kidogo. Sigara aliacha bila kusukumwa. Dagaa alikula mpaka akawachukia. Yote aliyoyakataa aliyafanya kwa bidii ya mwanafunzi, lakini vidole viwili vilibaki na ganzi, na mkono uligoma kupanda kupita kifua.

Mwezi wa tano tangu aanguke, akaja mwalimu mstaafu, mteja wake tangu duka lifunguliwe. Alikuja na ndevu ndefu. Miezi yote hiyo alikataa mtu mwingine amguse. Akakaa kitini, akafumba macho. Baba akampaka povu kwa mkono wa kushoto, akashika wembe kwa wa kulia, akaupandisha. Ulipofika usawa wa koo la mwalimu, ukaanza kutetemeka. Nina hakika mwalimu alihisi, na hakufumbua macho. Mimi nilisimama kwenye pazia nimeziba mdomo.

Baba akashusha wembe. Akachukua taulo, akamfuta povu taratibu, mashavu yote mawili.

"Usinisubiri tena, rafiki yangu."

"Sina haraka mimi, fundi."

"Najua. Usinisubiri."

Siku ya pili yake mke wa mwalimu alikuja kusukwa, akanieleza kwamba mzee amenyolewa kwa kinyozi wa mtaa wa pili. Baba alisikia kutoka upande wake.

"Hakumkata?" akauliza.

"Hakumkata, shemeji. Kamnyoa vizuri tu."

"Afadhali," akasema baba.

Halafu nikamsikia analia. Sikujua niende au nibaki, nikaendelea kusuka, machozi yananidondoka kichwani mwa yule mama mpaka nikamaliza.