Kamongo wa Baba wamo pipani

Kabeza, Jumamosi, Mei 1992

Zuhura na wenzako wa Bukoba, nitawasimulia yote, hata sehemu ya aibu.

Leo karibu nimharibie Baba ufugaji wake wa samaki.

Amechimba bwawa huko Ndera, kando ya kijito ambamo jirani huvua samaki wadogo. Asubuhi muuzaji alileta ndoo ya vifaranga vya kamongo, samaki ambaye huku kwetu hayupo.

"Mzee, huyu anakula chochote. Maji yakikauka, anajichimbia matopeni na anaishi."

Baba alitabasamu. Mimi nikaingiwa na hofu.

Mwalimu alitufundisha kumpima samaki mgeni kwanza: anakula nini, anakufa kwa nini, akitoroka ataenda wapi.

Nikauliza, mbele ya muuzaji, "Baba, mvua ikijaza bwawa, si atatorokea kijitoni?"



Muuzaji akacheka. "Mzee, umezaa wakili."

"Nimempeleka shule asikilize," Baba akasema. "Basi na mimi nimsikilize."

Akavimimina vifaranga kwenye pipa. Vitakaa humo mpaka nimletee jibu la watu wanaomjua kamongo.

Ndio ninyi, mnaoishi kando ya ziwa. Nijibuni kwa posta ijayo: huko kwenu, kamongo akikaa na samaki wadogo, wadogo hubaki?