Choo cha Mkwe

Mwanyumba wangu ana choo ndani ya chumba cha wageni. Naanza na hilo kwa sababu limenitesa miaka mingi kuliko mgongo wangu.

Mimi na yeye tumeoa mtu na mdogo wake. Mimi nilioa dada mkubwa, yeye akaja baadaye akaoa mdogo. Kwa hiyo mimi ndiye niliyeposa kwanza, mimi ndiye niliyepanda mlima kwa wakwe kwanza, na sukari na sabuni begani, njia ina utelezi hadi unatambaa. Yeye alipanda amevaa viatu vya ngozi, na mahali pabaya watu walimshika mkono.

Shule niliishia darasa la pili. Nilikuwa nateremka mlimani na tenga la kabichi kichwani, miguu mitupu, nauza mjini, napanda tena siku hiyo hiyo. Nikafika mahali pa kuwa na kibanda changu cha ndizi sokoni, nikanunua kiwanja Mafiga, nikajenga. Hakuna aliyenishika mkono. Watu wakifika hapa husema, sijisifu. Mimi najisifu.

Yeye alikuwa karani kwenye mashamba ya miwa. Miaka yote mshahara ulimkuta amekaa. Sasa amestaafu, pensheni inamkuta amelala. Mwisho wa mwezi ukifika anapandisha miwani kwenye paji la uso, anashika simu, analipa umeme, maji, taka, king'amuzi, vyote kwa mkao mmoja, chai haijapoa. Nimekaa kwake Kingolwira nikamwona akifanya hivyo, na sikufurahi. Mimi pesa yangu inakuja na ndizi. Ramadhani inakuja nyingi. Mvua ikinyesha wiki nzima na gari likakwama huko juu, haiji kabisa, na ankara hazijui habari ya mvua.

Lakini hilo la pesa ningelivumilia. Nilichoshindwa kuvumilia ni mkwe.

Mama yao alikuwa anakaa mlimani peke yake, analima magimbi na ndizi zake. Kila alipoteremka mjini alifikia kwangu kwanza, maana kwangu ni karibu. Anakunywa chai, anawasalimia wajukuu, kisha anamwambia binti yake kwa sauti ya chini, ila mimi nasikia:

"Mwanangu, nipelekeni kule."

Kule ni kwa mwanyumba. Na sababu ilikuwa choo.

Kwetu mkwe mwanamke na mkwe mwanamume ni watu wa kuheshimiana sana. Nikikutana naye njiani natoka pembeni, naye anajifunika khanga. Sasa nyumba yangu ilikuwa na choo kimoja, uani. Mimi natoka nimeshika kopo, yeye anaingia ameshika kopo, inawezekana? Haiwezekani. Kwa mwanyumba, mlango wa choo uko ndani ya chumba anacholala, hakuna anayejua ameingia saa ngapi. Kwa hiyo miaka yote hiyo mama wa mke wangu alilala kwa yule karani, na watoto wa yule karani ndio waliosimuliwa habari za zamani. Mimi nilikuwa kituo cha chai.

Basi magoti yake yakaisha. Ndugu wakakaa, wakasema mama ateremke moja kwa moja, akae na mmoja wa mabinti zake, achague mwenyewe. Mke wangu aliponiletea habari hiyo nilisema, "Sawa." Moyoni nikasema, atakaa hapa. Kabla hajateremka nitakuwa nimejenga chumba chenye choo ndani, na kitakuwa kikubwa kuliko cha yule bwana.

Nilijua ukubwa wa kile cha kwake. Siku ya Idi nilijifanya natafuta kandambili zangu, nikaingia, nikapima kwa hatua. Hatua nne kwa tatu na nusu.

Mimi siweki pesa taslimu. Pesa ikikaa mfukoni, kila mwenye shida anaijua. Naweka vitu. Ndizi zikiuzika vizuri, nanunua mfuko mmoja wa simenti, naingiza chumba cha nyuma, naupanga ukutani juu ya mwenzake. Nikipita nachungulia. Ikipanda mpaka usawa wa kifua, nalala vizuri.

Umeme huwezi kuukwepa. Usiponunua, giza. Wa taka anagonga geti mpaka mtaa mzima unajua. Maji tu ndiyo yalikuwa na adabu. Karatasi inakuja, inalala juu ya kabati, kimya. Nikaanza kuilaza chini ya redio.

"Baba watoto," mke wangu alisema, "hii ya maji ni ya mwezi wa pili sasa."

"Maji haya yanatoka wapi?"

"Yanatoka bombani."

"Yanatoka mlimani kwetu! Nimeyanywa bure tangu sijaota meno. Leo yameingia kwenye bomba ndiyo yananidai?"

"Basi kayateke huko huko juu," akasema, akaenda zake jikoni.

Nilinunua mfuko mwingine wa simenti.

Masika yale yalikuwa ya mvua nyingi. Yalipokatika nikamwita fundi. Akaingia chumba cha nyuma, akagonga mifuko kwa kiganja. Ya juu ilikuwa mizuri. Alipofika ya chini akaacha kiganja, akachukua nyundo.

"Mzee, ulipanga hivi hivi, sakafuni? Hukuweka mbao chini?"

"Kwani ni kuku, ilale juu?"

Akaupiga ule mfuko. Ukalia ko. "Mzee wangu, hapa umenunua simenti au umenunua kaburi?"

Mifuko saba ilikuwa imeganda jiwe. Nilitamani kumpiga na nyundo ile ile. Nikavumilia, maana nilikuwa namhitaji. Mifuko saba ilibidi inunuliwe mingine, na ndizi za kipindi hicho zilikuwa za shida, kwa hiyo karatasi za maji zikaendelea kulala chini ya redio. Ile mifuko ya mawe tukaibwaga uani, ukutani kwa chumba kipya. Haikufaa kitu ila kukaliwa.

Chumba kikaisha. Hatua tano kwa nne. Vigae vya bluu, vikubwa kuliko vya kule. Choo cheupe cha kukalia, cha kuvuta maji. Siku fundi alipoondoka niliingia, nikafunga mlango, nikakaa juu ya kile choo na nguo zangu zote. Nikamuwazia mwanyumba na vigae vyake vidogo. Sijawahi kukaa mahali pazuri vile.

Jumanne mke wangu akanipigia simu nikiwa sokoni.

"Wamekuja wa maji."

"Waambie mwisho wa mwezi."

"Nimewaambia. Wameondoka na mita."

Mkwe alikuwa anateremka Ijumaa, na alishakubali kuanzia kwangu.

Niliazima maji kwa majirani, nikajaza pipa, nikajaza ndoo zote. Nikamwambia mke wangu asiseme neno. Ijumaa baada ya swala gari la mwanyumba likasimama getini, mama akiwa kiti cha mbele. Nikasimama pembeni, nikasema shikamoo nikiangalia chini, akaitikia toka ndani ya khanga. Wakaingizwa kutazama chumba. Mke wangu anamwonyesha mama dirisha, mimi niko mlangoni nimekunja mikono, na mwanyumba, kwa kuwa ni mtu wa kukagua, akafungua bomba la kunawia.

Bomba likakohoa. Likatoa upepo.

"Mwanyumba," akasema, "choo kizuri sana. Kina mafua tu."

"Wanatengeneza bomba kubwa mtaani."

"Ahaa. Mtaani." Akalifunga taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto. Ningeona bora acheke.

Siku mbili mke wangu alikuwa anabeba ndoo kupeleka kwenye kile choo. Alfajiri ya siku ya tatu nilitoka kwenda kutawadha. Pale uani nikamkuta mkwe wangu. Alikuwa hajataka kumwamsha binti yake. Ameinama, mkono mmoja umeshika ukuta, mwingine umeshika ndoo iliyojaa nusu, anaivuta kutoka kwenye pipa, magoti yanatetemeka. Mimi nimeshika kopo. Tukasimama. Khanga yake ilikuwa imelowa, hakuweza kujifunika bila kuiachia ndoo. Nikageuka, nikaweka uso ukutani, nikakaa hivyo mpaka niliposikia mlango umefungwa.

Nilijenga chumba kizima ili jambo hilo lisitokee. Likatokea kwangu, siyo kule.

Asubuhi ile akamwambia binti yake, "Mwanangu, nipelekeni kule."

Wiki hiyo niliuza mabati. Nilikuwa nayo kumi na mbili, nimeyaweka kwa ajili ya jiko jipya la mke wangu. Aliyaona yakipakiwa kwenye guta, akarudi jikoni. Nikaenda ofisi ya maji na pesa mkononi. Binti wa dirishani akatazama kompyuta yake.

"Shikamoo mzee. Deni lako limeshalipwa."

"Marahaba. Limelipwa na nani?"

"Limelipwa jana, kwa simu." Akanitajia jina. Lilikuwa la mwanyumba.

Sikumbuki nilifikaje Kingolwira. Nakumbuka bodaboda aliniuliza kama kuna msiba. Nilimkuta mwanyumba barazani amevaa msuli, miwani iko kwenye paji la uso. Mkwe alikuwa ndani, dirisha liko wazi.

"Nimekuletea pesa yako," nikasema.

"Karibu kwanza, mwanyumba. Kaa."

"Sikai. Nani kakuomba? Mimi naomba? Umeniona nimekuja hapa na bakuli? Umemchukua mama, sasa unataka na bomba langu liwe lako?"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi! Hesabu pesa yako."

Hakuipokea. Alishusha miwani, akanitazama. "Mwanyumba, mimi nimetuma tu. Pesa siyo yangu."

"Ni ya nani?"

Akaonyesha dirisha kwa kidevu. Akasema kwa sauti ndogo, "Ni ya sanda yake. Aliifunga kwenye pindo la khanga, ya magimbi ya miaka mingi. Mkeo alipomwambia habari ya mita, nilisema nalipa mimi, akakataa. Akasema nisipotuma hiyo hiyo yake, atapanda mlima kwa magoti."

Nikakaa. Sikuchagua kukaa, nilijikuta nimekaa.

Sauti ikatoka dirishani, hakututazama, sisi pia hatukutazama. "Nikifa watanizika tu, hata kwa shuka. Maji ninayataka nikiwa hai. Huku tivii inalia kutwa, na dirisha linatazama ukuta wa jirani. Kule Mafiga nikiamka nauona mlima wangu." Kisha akasema, "Nipelekeni kule."

Nilimtazama mwanyumba. Alikuwa anaifuta miwani yake kwa pindo la msuli, anaifuta, anaifuta, na haikuwa chafu. Naijua ile sura. Miaka mingi nimekwenda nayo nyumbani kutoka kwake. Nilimhurumia, lakini siyo sana.

Mama yuko kwangu mpaka leo. Maji yalirudi siku ya pili. Siku hizi ankara ya maji haigusi kabati; ikifika inalipwa kwanza, kisha umeme, kisha taka, na kinachobaki ndicho ninachokigeuza kuwa vitu. Jiko la mke wangu bado halina mabati. Hilo nalisikia kila nikila. Mkwe anapenda kukaa uani kwenye ile mifuko iliyoganda, anaota jua, anatazama mlima, na wajukuu wanaosimuliwa sasa ni wa kwangu.

Pesa niliyompelekea mwanyumba nilimpa mke wangu amrudishie mama yake. Akaikataa, akasema ameshanunua maji. Basi nikaamua sanda nitanunua mimi. Nikaweka kidogo kidogo, safari hii taslimu, ndani ya kopo la maziwa. Nilipoinunua niliikunja ndani ya mfuko, nikaificha chini ya kitanda nikingoja siku ya kusema.

Mwezi uliopita mwanyumba alikuja kumsalimia mama. Ameshika mfuko. Akakohoa, akasema mbele ya watu wote, "Mama, nimekuletea ile amana yako. Nimeirudisha."

Akatoa sanda.

Niliingia ndani mbio, umri huu, nikatoka na ya kwangu. "Imeshanunuliwa, mwanyumba. Rudi na hiyo."

"Rudisha wewe. Mimi nimetoa kwanza."

"Yuko nyumbani kwa nani?"

"Pesa nilituma mimi!"

Mke wangu alikaa chini kwa kucheka. Mkwe, juu ya mfuko wake wa jiwe, akajifunika khanga mpaka puani, akawa anazungumza na mlima.

"Sanda mbili. Hawa mabwana wanataka nife mara ngapi?" Kisha, "Ziwekeni zote. Mmoja wenu akitangulia, tutamvalisha ya pili."

Mwanyumba akaniachia sanda yake mikononi, akasema ngoja anawe. Akafungua bomba, maji yakatoka kwa nguvu, nami nikafurahi kwamba anayaona. Alipokuwa ameinama pale nikaishika ile sanda yake kwa vidole, nikaishika na ya kwangu.

Ya kwake ilikuwa nzito zaidi.