Nyongeza ya Godhana

Dorothy anauza kambare wa moshi katika soko la Garsen. Mwaka jana biashara ilimfia mikononi, na wala hakuibiwa na mtu. Kila jioni alibeba samaki wawili wa kitoweo, akijiambia ni wake, mpaka mzigo mpya ulipofika kutoka Ozi akakosa cha kuulipia. Aliporudi sokoni kwa mkopo wa chama cha akina mama, aliapa kwamba hata yeye mwenyewe akitaka samaki wa meza yake, atamnunua.

Jumamosi moja mumewe, Godhana, alikuja mbio. Wakwe zao wa Golbanti walikuwa wamefika ghafla.

"Nipe wanne wakubwa, mama watoto."

"Mia nne, baba."

Gumato, muuza maziwa wa meza ya pili, aliangua kicheko. "Pole, Godhana! Umeoa duka, sasa lipa!"

Godhana alitazama huku na huku kwa haya. Lakini mkono wa Dorothy haukuondoka juu ya samaki. Mzigo mwingine ungefika Jumatatu.

"Nikikupa bure leo," alisema taratibu, "Jumatatu tutakula meza."

Godhana akatoa pesa shingo upande. "Na mimi mteja sina nyongeza?"

Dorothy akacheka. Akachagua kambare mnono wa tano, akamfunga pamoja na wenzake. Kisha akafungua kibeti chake mwenyewe, akatoa mia moja, akaitia katika kopo la biashara.