Waya Kati ya Nyumba Mbili

"Mama Tyson, hiyo waya yenu nyeusi mnaanikanga nguo gani?"

Jirani yao, Gentrix, alimuuliza Phoebe hivyo mwaka jana, 1998, akitazama waya uliotoka dirishani kwa Phoebe hadi nyumba ya baba mkwe wake, katika boma lao hapa Lurambi, Kakamega. Phoebe alimjibu kwamba hapo hapaanikwi kitu. Hapo hupita habari za marehemu.

Saa mbili asubuhi, Ijumaa. Phoebe, mwenye miaka thelathini na minne, anapiga chapa programu ya mazishi ya kesho huko Malava, yenye ratiba na tanzia ya marehemu. Kompyuta yake ni ya Windows. Printa iko kwa mzee, kwenye kompyuta kuukuu ambayo mumewe Chrispinus, fundi anayefanya kazi Eldoret, aliitilia mfumo mwingine, Linux, kwa kuwa Windows iliilemea.

Mzee ni karani mstaafu wa mahakama, na kipanya hakimhusu. Huandika amri kwa vidole vyote kumi, kama enzi za taipureta. Kila tanzia huipitia yeye kwanza, maana ukikosea ukoo wa mtu mbele ya kaburi, Mungu atusaidie, watu hawasahau.

Lakini mke wa mwana haingii ovyo kwa baba mkwe. Zamani Phoebe alikuwa akiacha disketi kwenye kigoda barazani, anarudi zake. Siku moja kuku wakaiangusha matopeni.

"Marehemu alizikwa bila hata karatasi moja," anasema polepole. "Nilijua wateja wameisha. Na hii ndiyo kazi inanisomeshea watoto."

Ndipo Chrispinus akaja na waya, akafunga huku na huku, akamwachia mkewe jambo moja tu: kuiandikia Windows jina la mashine ya upande wa pili. Akarudi kazini.

Wiki tatu mashine hizo hazikuonana. Phoebe alikaza waya, akazima, akawasha, akapiga magoti akaomba. Mama mkwe wake, Teresa, ndiye aliyepeleka maneno kati ya nyumba mbili.

"Mzee anauliza umeandika jina gani."

"Nimeandika Baba."

"Na Chrispinus aliiita nani?"

Phoebe akainama. Chrispinus alikuwa ameiita Makhanu, jina la mzee mwenyewe, na mke wa mwana halitamki jina hilo. Hata kuliandika, mkono ulikataa.

Teresa akacheka mpaka akakaa chini. "Sasa mashine yako inatafuta Baba, na mwenzake hajui kama ni baba wa mtu."

Mzee hakumlaumu yeyote. Alikaa asubuhi nzima, akafungua faili ya mipangilio, akafuta jina lake, akaandika Baba. Mchana Phoebe akatuma ukurasa mmoja. Ng'ambo ya pili, printa ikaanza kukwaruza.

Tangu hapo Phoebe hutoa programu za familia tatu, nne kwa mwezi. Sasa anataka kukodi chumba karibu na soko mjini.

"Wateja watanipata kwa urahisi. Lakini waya haiwezi kufika huko. Nani atanisomea ukoo?"

Kikohozi kinasikika. Mzee amesimama mlangoni, programu za Malava mkononi, uso ameuelekeza pembeni.

"Nitakuja mwenyewe," anasema. "Uniwekee kiti nje ya mlango."

Anaziweka karatasi kwenye stuli iliyo karibu, anazipanga kingo, kisha anarudi kwake.